Tela la Chuma cha Jeshi: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye lori moja linalotembea, mkopo ambao haujaisha na shemeji anayejua kuchomelea. Amepiga hesabu akaona bei ya tela jipya haishikiki, kisha akasikia kuna yadi wanauza chasisi ya lori la jeshi kwa bei ya kutupa. Asipoteze muda. Aende leo hii, kabla akili haijarudi.

Ukifika utaikuta imelala kwenye majani, ndefu, kijani kimepauka, haina kichwa wala injini. Dalali ataipiga teke na kusema, "Chuma cha jeshi hiki, bosi. Siyo haya makopo ya siku hizi." Na wewe ipige teke. Huo ndio ukaguzi. Akikwambia ni Bedford, sawa. Akisema ZIL ya Mrusi, sawa. Akisema ni Nyumbu, lile lori la jeshi letu lililobuniwa kule Kibaha, lipa haraka na ujisikie mzalendo. Hati ya mnada usiidai. Utawezaje kumdai hati muungwana aliyekupa kiti na soda?

Imani yako yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba lori la jeshi hubeba mzigo mkubwa kuliko la raia. Ili imani hiyo idumu, usisome namba zozote. Ukisoma utakuta Bedford MK ya Waingereza ilikuwa gari la tani 4. ZIL-131, yenye magurudumu sita na yote yanavuta, ilipangiwa tani 3.5 porini na 5 kwenye barabara nzuri. M35 ya Wamarekani, ile inayoonekana kwenye kila filamu ya vita, ni ya tani mbili na nusu za kwao porini, na maradufu yake barabarani. Malori haya yalitengenezwa kuvuka tope, mchanga na mito yakiwa na askari na masanduku ya risasi. Hakuna aliyeyafikiria yakipanda mlima wa Kitonga na tani 20 za saruji. Canter ya muuza matofali pale mtaani kwenu hubeba karibu mzigo sawa na malori hayo ya jeshi, ila yenyewe haijawahi kwenda vitani, kwa hiyo hakuna anayeiheshimu.

Kuna jambo jingine ambalo dalali hatalitaja, na kwa kweli huenda halijui. Chasisi ya namna hii ilikusudiwa ijinyonge. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likishuka shimoni, reli mbili za chasisi hujipinda kidogo ili magurudumu yote yaendelee kugusa ardhi. Wajerumani waliochora Unimog walikwenda mbali zaidi: bodi waliikalisha juu ya maegemeo yanayocheza, ili isibishane na chasisi. Wewe rekebisha kosa hilo la Wajerumani. Weka sakafu ya bati nene la milimita 10, ichomelee kwenye reli kuanzia mbele hadi nyuma bila kuacha hata upenyo, isitikisike kamwe. Chasisi ikikatazwa kujinyonga itapasuka, na itapasukia palepale pembe ya bodi inapoishia. Ufa wenyewe utaanza mwembamba kama unywele, umefichwa na vumbi, na hautakusumbua mpaka siku ya mzigo wa watu.

Sasa mwite shemeji. Kazi yake ya kwanza ni kupunguza urefu, na atakata sehemu ya mbele kwa kuwa haina kazi tena. Huko mbele, kwenye magari mengi, ndiko namba ya chasisi ilikogongwa. Kipande hicho kitauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya saa kumi, nawe utabaki na chombo ambacho kwa macho ya sheria hakijazaliwa.

Kazi ya pili ni kuunga. Reli ya chasisi ina umbo la mfereji: ukuta wa katikati, bawa la juu na bawa la chini. Nguvu nyingi ya kubeba imo kwenye hayo mabawa mawili. La juu linabanwa, la chini linavutwa. Kwa hiyo shemeji atachomelea hapohapo kwenye bawa la chini, mshono wa kukatisha, mnene na wa kupendeza. Chuma cha reli za malori mengi kilipikwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika, na moto wa kuchomelea unafuta upishi huo kwa dakika chache. Kando ya mshono panabaki mstari wa chuma dhaifu, nao mshono ukisifiwa kwa uimara wake. Atatokea fundi mzee, mikono imeungua, aseme kwamba matundu yatobolewe ukutani na si kwenye mabawa, kwamba vipande vifungwe kwa boliti, na kwamba kiraka kiishie kwa ncha iliyochongoka badala ya kukatwa mraba, ili nguvu isikusanyike sehemu moja. Usimsikilize. Yule analipwa kwa siku.

Ekseli nazo utaziacha zilezile. Ni za kuvuta, zina difu katikati, na difu ni mzigo mzito ambao tela lako litautembeza nchi nzima bila malipo. Ukiacha shafti zake ndani, magurudumu yatazungusha difu njia nzima, na difu hiyo inataka oili ambayo hakuna atakayekumbuka kuiangalia. Ukizitoa shafti, mdomo wa habu unabaki wazi. Wenye busara huziba kwa kifuniko cha chuma na kujaza grisi ya kutosha. Wengine huziba kwa tambara. Tambara lina faida kwamba likiwaka moto, dereva anaona moshi kwenye kioo na anajua beringi ndiyo imekwisha.

Breki ni somo refu, ila shemeji atalimaliza kwa dakika tano. Lori la siku hizi linapeleka mipira miwili ya upepo kwenye tela: mmoja unajaza tungi la tela muda wote, mwingine unafikisha amri ya mguu wa dereva. Mpira wa kujaza ukikatika, tela linajifunga breki lenyewe, na hiyo ndiyo sababu watu wengi walio nyuma yako bado wako hai. Lori la jeshi la zamani lina mpango wake. M35, kwa mfano, upepo unasukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanabana breki. Kuoanisha mipango hiyo miwili kunataka vali, tungi, chemba za breki na mtu anayezijua. Shemeji atakata paipu ya mafuta, ataikunja ncha, ataigonga nyundo, kisha atakueleza falsafa yake: "Lori likisimama, tela litakwenda wapi?"

Jibu lipo kwenye mteremko. Tela lisilo na breki linaenda lilikokuwa linaenda. Linasukuma lori kwa nyuma, breki za lori zinabeba kazi ya magari mawili, zinapata moto, zinanuka, halafu zinaacha kushika. Dereva akikata kona hapo, tela linajaribu kumpita, na vyote viwili vinakunjana katikati ya barabara. Ndipo utingo anaruka na jiwe mkononi. Ningependa siku moja mtu aandike historia ya mawe hayo, yanayowekwa nyuma ya matairi mlimani na kuachwa katikati ya lami, yamngoje mwenye pikipiki usiku.

Kuhusu matairi, utayapenda. Meno yamejaa, kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa kambini miaka yote hiyo. Ubavuni, mwisho wa maandishi yale marefu, mna namba nne: 3208 ni wiki ya 32 ya mwaka 2008. Ukikuta namba tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na umri wake unatosha kugombea ubunge. Mpira hukauka hata usipotembea.

Hapa naomba niache mzaha kidogo. Rimu za malori haya mara nyingi zinafungwa kwa pete ya chuma. Pete isiyokaa sawasawa, au iliyoliwa na kutu, huruka tairi linapojazwa upepo, na inaua. Tairi liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, na mtu asimame pembeni, kamwe asiinamie rimu. Toeni upepo wote kabla ya kulegeza nati hata moja. Vijana wa pancha wanaojazia mbele ya kibanda wakiwa wameikalia rimu waambiwe hivyo kila siku, hata wakichoka kusikia.

Basi, turudi kwenye ujinga wetu. Tela limekamilika, limepakwa rangi, limeandikwa "Mungu si Athumani" nyuma, na linakwenda mizani ya Vigwaza. Mizani inapima ekseli na haina habari na historia ya chombo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, 18 kwa ekseli mbili za pamoja, 24 kwa tatu, na gari zima na tela lake lisizidi 56. Ekseli zako zina tairi moja moja kila upande, kwa hiyo unaruhusiwa pungufu ya hapo. Halafu kumbuka lile bati la milimita 10. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 78 na ushei. Sakafu ya mita 6 kwa 2.4 ni zaidi ya tani moja kabla hujapakia hata kiroba. Bati la milimita 3 lingekula kilo 340 tu, ila lisingekuwa na sauti nzuri ukilipiga teke.

Kama umeshanunua na dalali hapokei simu, ipo njia moja isiyo na fahari. Usiikate chasisi. Iache na springi zake, ziba habu vizuri, weka sakafu ya mbao iliyofungwa kwa boliti, tengeneza breki hata kama ni za njia rahisi, kisha ipeleke shambani ivutwe na trekta kwa mwendo wa trekta. Pakia tani 4, ukiweka uzito mbele kidogo ya katikati ili mkono wa kuvutia usinyanyuke. Kwenye tope la masika itapita pale ambapo matela ya maana yamezama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyoumbiwa. Na ile rangi ya kijani ikwangue yote upake nyingine, maana siku moja atapita afande mstaafu mwenye mashamba jirani, na atataka kujua gari la kikosi chake limefikaje kwenye miwa yako.