Posa ya Daktari wa Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi wa Matuga

Msichana wa Waa akiposwa, habari hufika Mkongani kabla ya chai ya jioni. Mashangazi huulizia tabia, mjomba huulizia kazi na madeni, na asiyeulizwa neno hununa mpaka siku ya harusi. Yote hayo kwa ajili ya mkwe mmoja. Lakini mtu atakayempokea mtoto wetu saa nane za usiku, mwili unawaka na pumzi zinakimbia, huchaguliwa na dereva wa bodaboda kwa kigezo kimoja: wapi palikuwa na taa.

Nasema desturi hii tuigeuze. Daktari wa mtoto naye aposwe, na aposwe mimba ikiwa ya miezi saba, mama akiwa bado ana nafasi ya kutembea na kuuliza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani huwashauri wazazi wakaonane na daktari wa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Wenzetu huko huenda kuchagua mtu mmoja. Sisi tunachagua njia nzima, tangu mlangoni petu hadi kitanda cha hospitali, kwa hiyo posa yetu ina hatua zaidi.

Hatua ya kwanza: ujue ukoo

Kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, na heshima hiyo si mbaya, ila inatuficha nani anafanya nini. Zahanati ni daraja la pili, na mwenyeji wako pale ni muuguzi. Kituo cha afya, kama kile cha Tiwi, ni daraja la tatu, na huko utamkuta klinikal ofisa. Hospitali ya Kwale inalaza watoto. Juu yake iko hospitali ya rufaa ya kaunti, Msambweni, na mambo yakizidi kuna Coast General, Mombasa, kwa kivuko cha Likoni au kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu.

Daktari bingwa wa watoto yuko juu kwenye ngazi hiyo, na wengi wetu tutamfikia kwa barua ya rufaa tu. Kwa hiyo wa kuposwa kwanza ni muuguzi wa zahanati, yule atakayempima mtoto uzito, atakayemchanja, na atakayekuwa wa kwanza kusema, "Huyu asilale hapa, apelekwe Kwale." Usimdharau kwa kuwa hana cheo cha bingwa. Wizara ya Afya imetoa kitabu cha mfukoni cha kutibu watoto mahututi, kinachotumiwa na madaktari, maklinikal ofisa na wauguzi, ili mtoto apate hatua zilezile popote alipopokelewa.

Hatua ya pili: tuma mshenga

Mshenga yupo tayari kijijini. Ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wengi humwita CHP. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Wa kwenu mfahamu kwa jina na kwa nyumba. Muulize anayoyaona akizunguka kaya kwa kaya: zahanati ipi haikosi chanjo, kituo kipi hufunguliwa usiku, ambulensi huitwa kwa nambari gani na nani ana ruhusa ya kuiita. Kisha waulize akina mama wenye watoto wa chini ya mwaka mmoja. Usiulize kama daktari ni mzuri, maana watakujibu kwa adabu. Uliza, "Mtoto wako alipougua mara ya mwisho, ulimpeleka wapi, ukangoja muda gani?"

Hatua ya tatu: ingia nyumbani kwao bila kualikwa

Mkwe hutazamwa siku ambayo hakujipamba. Nenda kituoni Jumatatu asubuhi foleni ikiwa ndefu, urudi Jumapili alasiri. Tazama kama bomba lina maji na sabuni, na kama muuguzi ananawa mikono kati ya mtoto na mtoto. Uliza taratibu kama kuna oksijeni, kama kuna mashine ya kumpasha joto mtoto mchanga, na umeme ukipotea kunatumika nini.

Halafu ipime njia. Kutoka Kubo au Mkongani hadi Kwale mjini, barabara ya Januari na barabara ya Mei si barabara moja. Elewaneni na dereva mmoja wa bodaboda na mmoja wa tuktuk au gari, na nauli ya usiku mkubaliane mchana. Bei inayotajwa mtoto akiwa analia haina mpatanishi.

Hatua ya nne: maswali ya wakwe

Yaandike ili usiyasahau mbele ya koti jeupe.

Kitovu mtakitunzaje, na dawa ya klorheksidini ipo? Jibu likiwa ndiyo, majivu, mate na mafuta yapumzike.

Mtoto akizaliwa njiti, mtamfundisha mama kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi? Njia hiyo ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa, watoto wakiwa wengi na mashine za kuwapasha joto chache. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kila mahali, na haihitaji umeme.

Mtoto anaweza kupimwa selimundu, ule ugonjwa tunaouita sikoseli? Pwani yetu ni ukanda wa malaria, na penye malaria ya tangu zamani ugonjwa huu huwa mwingi. Kama kuna historia katika familia ya baba au ya mama, isemwe sasa, bila kulaumiana.

Mkigoma, nimlete wapi? Swali hili si la ugomvi. Madaktari wa umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka 2017, na madaktari wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Mzazi mwenye busara huwa na jina la kituo cha pili, cha binafsi au cha misheni, na anajua bei yake.

Huku ukiuliza, sikiliza jinsi unavyojibiwa. Anayemkaripia mama kwa kuuliza leo atamfanya afiche dalili kesho. Anayejibu, akakuuliza nawe, huyo mshike.

Hatua ya tano: mahari

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya ile ya NHIF. Zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi, lakini kulazwa hospitalini kunataka mchango wako uwe umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mvuvi, mkulima na muuza madafu hukadiriwa kwa uwezo wa kaya, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Fedha hizo hazipatikani usiku mmoja, kwa hiyo anza kuziweka mimba ikiwa changa. Uliza pia mtoto ataandikishwaje, na ukijifungua usiondoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ambayo ndiyo njia ya cheti chake.

Hatua ya sita: wazee wakae

Hapa ndipo posa nyingi huvunjika. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mtoto mchanga hupita njia hiyohiyo, na ule wa kwanza hutokea nyumbani kwetu. Baba yuko zamu ya usiku hotelini Diani, simu imezimwa. Mama mkwe anasema tungoje kukuche. Jirani anasema mtoto ana nyuni, yaani degedege, na mtoto wa nyuni hapigwi sindano.

Kikao kifanyike kabla ya uchungu, bibi na babu wakiwepo, na kitoe uamuzi mmoja: mama ana ruhusa ya kusema "twende" bila kumngoja mtu. Bibi asipuuzwe. Apewe kazi ya kumlinda mtoto asipewe maji, uji wala dawa ya tumbo, maana miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Akikataza bibi, hakuna shangazi atakayethubutu. Na anayetaka kumsomea mtoto dua, asome. Dua husomeka vizuri sana ndani ya tuktuk inayokwenda Kwale.

Hatua ya saba: sababu za kupiga hodi usiku

Kila mtu nyumbani azijue, hata kaka wa darasa la sita. Mtoto amekataa kunyonya. Ameshikwa na degedege. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ukihesabu dakika nzima naye ametulia, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Joto limefika 37.5, au mwili umepoa isivyo kawaida. Amelegea, hajisogezi mpaka aguswe. Amekuwa wa manjano siku ya kwanza, au manjano imefika viganjani na nyayoni. Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha. Moja tu kati ya hizi yatosha, na hakuna ya kungojea asubuhi.

Posa ikikamilika, andika nambari nne nyuma ya kijitabu cha kliniki: ya muuguzi, ya CHP, ya dereva na ya ambulensi. Mtoto akishazaliwa, mpeleke kwa mkwe wake hata akiwa mzima: akaguliwe ndani ya saa 48, achanjwe BCG na polio ya kuzaliwa, arudi kwa chanjo akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, kisha surua miezi tisa na tena miezi kumi na minane. Muuguzi anayemjua mtoto akiwa mzima hutambua upesi akiwa mgonjwa.

Kama mimba imefika miezi saba nyumbani kwenu, wiki hii anzeni na hatua ya pili. CHP wa kijiji chenu hahitaji barua. Mkaribisheni tu aje akae, mmuulize.