Kinyonga Hadai Picha

Hapa Turiani msimu wa harusi umeoana na msimu wa miwa. Masika yakishapita, kamati zinaanza kuchangisha na mashamba yanaanza kuchomwa, maana miwa huunguzwa majani kabla ya kukatwa. Masizi hupaa na upepo, yakazunguka weee, kisha yakachagua pa kutua. Jumamosi moja yalichagua gauni la bibi harusi. Alikuwa ametulia, kidevu juu, nami nimeshasema "hapo hapo!", mara kipande kirefu kikatua kifuani mwake. Masizi ya miwa hayafutwi, hupulizwa. Ukiyagusa yanageuka rangi. Shangazi mtu hakungoja maelezo. Aliacha vidole vyake vyote vitano kwenye gauni la kukodi, kisha akanigeukia mimi: "Si umepewa hela? Yatoe kwenye kompyuta!"

Nikayatoa. Ndiyo kazi yenyewe: natoa masizi, natoa chunusi, natoa shemeji ambaye ndugu hawataki kumwona tena. Na kila mteja, akishanyanyuka kwenye kiti, hurudi mlangoni kuninong'oneza nimng'arishe kidogo.

Pasipoti ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Nina koti moja la bluu, mgongoni limebanwa vibanio vya nguo ili limkae kila mtu. Koti hilo limeomba ajira, limeomba mkopo, limegombea uongozi wa ushirika. Afisa mikopo mmoja alikuja kupiga picha, akaliona limetundikwa, akalitazama kama mtu aliyekutana na mdaiwa sugu.

Lakini kamera niliinunua kwa ajili ya vinyonga. Milima iliyotuinamia ni Nguru, ingawa kwa wageni kila kilima cha Morogoro ni Uluguru (mmoja aliagiza niandike hivyo chini ya picha yake, alikuwa ameshalipa, nikaandika). Msituni huko yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili puani, na makazi yake duniani ni hapa na milima jirani ya Nguu. Siku isiyo na wateja napanda. Ndiye mteja niliyemwota: hatikisiki, hachungulii simu, hajawahi kuuliza picha zitatoka lini. Tatizo lake hana mfuko.

Picha yake kubwa nimeitundika studio. Mama mmoja aliyemleta binti yake mjamzito aligoma kuvuka kizingiti. "Baba, huyo mdudu mgeuze kwanza." Nikamgeuza, akatazama ukuta. Mzee mwingine alitaka kujua huyo ni nani hata picha yake izidi ya mwenyekiti wa kijiji.

Mimi hujifariji kwa Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930. Picha zake za zamani leo watalii huzifuata dukani kuzinunua. Nilimweleza hayo mwenye fremu yangu. Akasema yeye kodi anaitaka mwisho wa mwezi.

Juzi, hatimaye, kinyonga akapata mnunuzi: kijana mwenye gari la abiria la Morogoro. Anataka kumbandika nyuma, askari wa barabarani waamini kwamba yeye haendi mbio. Tukapatana bei, akahesabu noti, akaitazama picha tena, akakuna kichwa.

"Ila, kaka, huwezi kumng'arisha kidogo?"