Barua ya Wazi kwa Bwana Afya: Pongezi kwa Kuistahi Mashine ya Barafu

Kwa Bwana Afya Mkuu,
Idara ya Afya,
Halmashauri ya mji wetu wa pwani.

YAH: PONGEZI KWA KUTOISUMBUA MASHINE YA BARAFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi friji. Kazi yangu inaniingiza jikoni na nyuma ya kaunta za hoteli na baa za mji huu, humohumo mnamoingia ninyi, ila mimi naingia na bisibisi na ninyi mnaingia na kitabu cha risiti. Nimeona si vizuri kukaa na shukrani moyoni. Naomba kuzitoa hadharani, wananchi wajue namna idara yenu inavyompa kila mtu haki yake.

Mama lishe wa stendi ameshaipata ya kwake. Juzi vijana wenu walimkuta ndoo ya kunawia haina kifuniko, aproni ameitundika mtini kwa sababu ya joto, na cheti cha kupimwa afya kimepitiliza siku. Akapigwa faini, akasomewa somo la kipindupindu, akaonywa kwamba safari ijayo sufuria zitapanda gari la halmashauri. Kazi ilipokwisha, jua likiwa la utosi, maafisa wakavuka barabara, wakaingia kwenye hoteli yenye vioo, wakakaa chini ya kiyoyozi na kuletewa soda katika bilauri zilizojaa barafu. Wakanywa, wakashusha pumzi, wakaandika kitabuni kwamba mazingira yanaridhisha.

Nilikuwa nyuma ya kaunta hiyohiyo, nimepiga goti mbele ya mashine iliyotoa barafu ile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa nje ni chuma kisichoshika kutu, kinang'aa kiasi cha mtu kujitazamia akinyoa ndevu. Ukifungua skrubu za paneli ya mbele unakuta pazia la plastiki linalozuia maji yasiruke. Nililiinua, nikapitisha kidole kwa upande wa ndani, juu kabisa, pale maji yasipofika lakini unyevu haukauki. Kidole kikatoka na utelezi wa rangi ya waridi, mzito kama mlenda. Chini yake, kwenye mdomo ambao barafu hudondokea, palikuwa na madoa meusi ya ukungu. Niliinua macho nikaziona bilauri za wakaguzi, nusu zimeshakwisha. Nikanyamaza. Sikuwa nimeitwa kusafisha. Nilikuwa nimeitwa kwa sababu barafu imekuwa nyembamba na bosi ameshapima mwenyewe kwa macho na kusema, "Gesi imeisha."

Gesi haikuwa imeisha, Bwana Afya. Katika mji huu gesi huisha midomoni mwa mabosi zaidi kuliko inavyoisha kwenye mabomba. Kilichokuwapo ni chokaa. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa ya kutosha kupaka ukuta. Ndani ya mashine, pampu huyamwaga maji hayo juu ya sahani ya kugandishia, yakateremka na kurudishwa tena na tena. Yanayoganda kwanza ni maji yenyewe; chokaa hubaki nyuma, ikazidi kukolea ndani ya beseni na kung'ang'ania sahani na mirija. Ukoko ukiwa mnene, vipande vya barafu hutoka vyembamba, vyeupe kama maziwa, na hukataa kudondoka. Na kwenye nyufa za ukoko huo ule utelezi hupata pa kujificha. Mashine ikiwa karibu na tanuri la mikate au bomba la bia, hamira inayoelea hewani huunenepesha zaidi.

Kuna pia kichekesho cha chujio. Hoteli nyingi hufunga chujio la mkaa ili barafu isinuke dawa. Mkaa huo huondoa klorini ambayo mamlaka ya maji imeiweka kwa gharama za walipa bili. Ladha inakuwa nzuri kweli, lakini kuanzia hapo maji yanaingia kwenye mashine bila mlinzi. Umeme ukikatika mchana kutwa, yanakaa humo yakipata joto, wala hakuna anayeyasumbua.

Najua utetezi uliopo: barafu ni baridi, na baridi huua vijidudu. Hoja hii ni nzuri na ina kasoro moja tu, si ya kweli. Baridi huwalaza wengi wao, haiwamalizi. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waligandisha bakteria wa kuharisha ndani ya barafu, kisha wakaiyeyusha ndani ya kola, soda, wiski na tequila. Bakteria walipungua, ila hakuna kinywaji kilichowaua wote, hata tequila yenyewe. Wanywaji wa vikali wanaoamini kwamba wanajitibu wapelekewe salamu hizo. Miaka miwili baadaye, Septemba 1987, kiwanda cha barafu cha Pennsylvania kilitumia maji ya visima vilivyoingiliwa na mafuriko. Barafu yake ikawaangusha mashabiki wa mpira wa Kimarekani mjini Philadelphia na waalikwa wa hafla katika jimbo jirani la Delaware, kwa virusi vya kutapika na kuharisha.

Lakini mtafiti aliyenikuna zaidi ni mwanafunzi wa darasa la saba wa Florida. Mwaka 2006 alilinganisha barafu ya migahawa ya vyakula vya haraka na maji ya vyoo vya migahawa hiyohiyo. Mara nyingi barafu ndiyo iliyokuwa na bakteria wengi zaidi. Watu walishangaa, sisi mafundi hatukushangaa. Choo husafishwa kila siku. Mashine ya barafu husafishwa siku ikigoma.

Hapo ndipo sifa zenu zinapotimia, maana vyoo mnavikagua. Mnavuta maji, mnanusa, mnauliza sabuni iko wapi, mnasoma ile karatasi ya mlangoni yenye saa na saini ya msafishaji. Kwa hiyo naleta pendekezo lisilo na gharama kubwa: mashine zote za barafu zihamishiwe chooni. Huko ndiko macho ya serikali yanakofika. Zitapigwa deki asubuhi na jioni, zitapata karatasi yao yenye saini, na mhudumu ataogopa kuziacha chafu kwa kuwa Bwana Afya lazima apite.

Pendekezo hilo likionekana gumu, lipo la pili, la kuzisafisha hapohapo zilipo. Watengenezaji wengi huandika kwenye vitabu vyao kwamba ifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, na zaidi kwa maji magumu kama yetu. Zima mashine, toa barafu yote, tupa. Hapa ndipo mwenye hoteli hushika kichwa, mtu aliyelipia chemchemi ya taa za rangi pale getini. Kisha pitisha dawa ya tindikali ya kuyeyusha chokaa, ile isiyodhuru nikeli, kwa sababu sahani nyingi zimepakwa nikeli na tindikali ya dukani huibambua. Suuza. Ndipo uje na dawa ya kuua vijidudu, ukisugua pazia, beseni, mdomo wa kudondoshea na kuta za sanduku la kuhifadhia barafu. Utaratibu usigeuzwe: dawa haiwafikii vijidudu waliojificha ndani ya ukoko. Na jiki isikutanishwe na tindikali hata kwa bahati mbaya, maana zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, inayobana kifua na inayoweza kuua. Mwisho, barafu ya mkupuo wa kwanza nayo inamwagwa.

Yaliyobaki ni adabu za kila siku, na hayahitaji fundi. Koleo la kuchotea likae nje ya sanduku, mahali pake pasafi, lisizikwe ndani ya barafu pamoja na jasho la kiganja. Bilauri isitumike kuchotea, kwa kuwa ikipasuka humo hakuna atakayetofautisha kioo na barafu. Sanduku lisigeuzwe friji ya bia za wafanyakazi na changu wa mpishi. Bomba la kutolea maji liachiwe nafasi juu ya tundu la sakafu, lisizamishwe kwenye mfereji wa majitaka, ili mfereji ukifurika uchafu usipande kumtembelea mgeni.

Maana mgeni tunamhitaji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji anapona vizuri. Mgeni ndiye anayelala akikimbilia msalani. Na akiharisha, kesi inamwangukia pweza. Wa pili kushtakiwa ni mama lishe, ingawa mgeni hakuwahi kukanyaga stendi. Juisi ya ukwaju yenye barafu haitajwi popote kwenye jalada.

Bwana Afya, ukosefu wa sheria si kisingizio. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na maafisa wenu huikumbuka vizuri wakifika stendi. Sina haja ya kuwaombea semina wala posho ya semina. Naomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya ukaguzi: "Mashine ya barafu ilisafishwa lini, na nani?" Naomba tarehe hiyo ibandikwe juu ya mashine, mahali mteja anapoweza kuisoma. Naomba kila mkaguzi apewe tochi ndogo, ainue pazia na apitishe kidole kabla ya kuletewa soda, si baada. Barafu ni chakula. Atakayekutwa anaitengeneza kwenye uchafu apigwe faini ileile ya mama lishe, hata kama hoteli yake ina vioo.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi friji.

Nakala kwa: Mteja. Kabla ya kukubali barafu, uliza mashine ilisafishwa lini. Mhudumu akikosa jibu, kunywa soda ya chupa ilivyotoka kwenye friji.