Muulize Nahodha: Kasuku Jikoni, Jiko Chumbani

*Nahodha, shikamoo. Nina kasuku wa kijivu, namweka jikoni ananichangamsha. Juzi nilibandika kikaango kipya cha nonistiki, simu ikaita, nikakisahau motoni kikiwa kitupu. Kasuku akaanza kuhema mdomo wazi. Nilimtoa uani akapata nafuu. Je, ni uchawi? Jirani yangu hanipendi. — Mama Kasuku, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mama. Jirani muache kwanza. Chuki ya jirani haijawahi kufika nyuzijoto 260. Kikaango chako kimefika, na huko tutarudi.

Kwanza wasomaji wapya wajue wanazungumza na nani. Mimi nimepika baharini kati ya Tanga, Pemba na Mombasa, katika meli nisiyohitaji kuitaja jina, maana bandarini ilijulikana kwa pilau yangu tu. Kwenye daftari nimeandikwa mpishi. Unahodha nilipewa na mabaharia wenyewe, kwa sababu kapteni alijua meli inakwenda wapi, lakini mimi ndiye niliyejua kama mabaharia watakubali kwenda.

Sasa kikaango. Mwaka 1938, huko New Jersey, Marekani, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont alikuwa akihangaika na gesi za majokofu. Mtungi mmoja ukakataa kutoa gesi, na ukiupima uzito haujapungua. Wakaupasua kwa msumeno, wakakuta ndani unga mweupe unaoteleza. Ningekuwepo ningewaambia wauweke mbali na mimi, usije ukaingia kwenye chapati. Miaka ikapita, Mfaransa Marc Grégoire akawa anautumia kwenye zana zake za kuvulia samaki, mpaka mwaka 1954 mkewe Colette alipomwambia aupake kwenye vyombo vya kupikia. Mnaona mambo hayo? Mke ndiye aliyetoa wazo, mume ndiye aliyechukua sifa. Wake zangu mimi hawajapata kunishauri kitu, ndiyo maana sifa zangu zote ni halali.

Na utelezi wenyewe wala si jambo geni kwetu. Bibi yangu alikuwa akitandika jani la mgomba ndani ya sufuria, wali haushiki, na hakuna mzungu aliyekuja kumpiga picha.

Ulikuwa unauliza nini? Ndiyo, kasuku. Utando ule hauna neno mpaka joto likaribie nyuzi 260 na kupita. Kikiwa na mchuzi hakifiki huko, kwa kuwa maji yanachemka kwenye 100 na hapo ndipo yanapokizuia. Kikiwa na mafuta, utaona moshi wake kwanza, na huo nao si mzuri kwa ndege. Lakini kikaango kitupu juu ya gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho kinavuka mpaka kwa dakika chache. Utando unaanza kuvunjika na kutoa mvuke ambao pua yako huenda isiusikie kabisa. Mtu akiuvuta kwa wingi hupata homa ya kama mafua, ikamwachia baada ya siku moja mbili. Ndege mapafu yake hujaa maji na damu, akaanguka kabla hujamaliza kuita jina lake.

Kwa nini yeye na si wewe? Kwa sababu ndege anapumua vizuri kukushinda wewe, na karibu anishinde hata mimi, niliyepuliza siwa kwenye arusi moja Lamu mpaka wenye kazi yao wakaomba wanipokee kama mwanafunzi wao asiyehitaji kufundishwa. Ndege ana vifuko vya hewa, kwa kawaida 9, vinavyopitisha hewa mpya mapafuni akivuta pumzi na akiitoa. Kilichomo hewani anakichukua kwa pupa, kiwe uhai au sumu. Na mwili wenyewe ndio ule, ukimvua manyoya hajazi kiganja.

Tiba sasa, kwa utaratibu wangu maarufu.

Mosi, mfundishe kupiga kelele "Mama, moto!" Kasuku wa kijivu si ndege wa kudharau: yule Alex, aliyefundishwa na Dkt. Irene Pepperberg huko Marekani, alitaja rangi na maumbo na kuhesabu vitu, mambo ambayo msaidizi wangu wa jikoni hakuyaweza. Akisema vizuri mtuze pilipili. Ndege hausikii ukali wake. Parachichi usimpe, ni sumu kwake.

Pili, kikaango mpelekee jirani. Hana ndege, hana hasara, na mtapatana.

Tatu, kama hayo yamekushinda, basi fanya kama watu wa kawaida: kasuku ahame jikoni, akae chumba cha mbali chenye dirisha, nawe upikie chuma, stili au chungu. Ukague na pasi, hita ya umeme na lile jiko la kukaangia kwa hewa mlilonunua kwa majivuno, maana baadhi yake vina utando huohuo. Akihema tena, mtoe kwenye hewa safi, kisha mbio kwa daktari wa mifugo. Mimi uniandikie baadaye.

Natumaini pia ndege huyo ana karatasi zake. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg yakaafikiana kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Mimi sikualikwa, na hilo linaonekana kwenye picha.

*Nahodha, huku kwetu baridi haina huruma. Usiku naingiza jiko la mkaa chumbani likishakolea, ili kasuku wangu wadogo wa kijani wasigande. Moshi hamna. Leo asubuhi mmoja tumemkuta amekufa, na mke wangu anaumwa kichwa. Ninunue ndege gani anayestahimili baridi? — Mfugaji, Makambako*

Kijana, wewe umeniandikia kuhusu ndege. Mkeo aniandikie kuhusu wewe.

Mkaa ukikolea moshi unaisha, na hapo ndipo watu wanapoubeba ndani wakidhani umekuwa salama. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kushinda oksijeni. Mskoti John Scott Haldane alilijua hilo tangu karne ya 19, akashauri wachimba makaa ya mawe washuke mgodini na chiriku kwenye tundu, maana ndege huanguka kabla ya mtu. Waingereza waliendelea nao mpaka 1986 ndipo wakawastaafisha. Tena baadhi ya matundu yale yalifungwa mtungi mdogo wa oksijeni wa kumzindua ndege. Wako alikuwa na nini, zaidi ya wewe?

Baridi? Kama kasuku wako ni wale wenye vichwa vya rangi ya chungwa, kwao ni kaskazini mwa Tanzania, na wamelala nje usiku wa Serengeti tangu kabla babu yako hajanunua jiko. Ningekuagiza uwafumie masweta, ufundi ninao, lakini nafasi hairuhusu. Funika tundu kwa blanketi upande mmoja, liondoe penye upepo, weka kando yake chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Jiko lirudi nje leo. Na mkeo aende zahanati kabla hujamaliza aya hii.

*Nahodha, nikifukiza udi chiriku wangu hupiga chafya. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ananuna. — Bi Arusi, Majengo, Mombasa*

Bi Arusi, mtoto wa watu, udi huo nausikia mpaka hapa, na ningekuwa bado kijana jibu langu lingekuwa refu sana na lingeletwa kwa mkono. Nilipokuwa Mombasa, mwaka ule wa...

Mhariri anagonga meza. Nafasi imekwisha, anasema, ingawa ukurasa wa michezo naona una mapengo. Haya: udi, ubani, dawa ya mbu, marashi na dawa za kupuliza visitumike chumba alimo ndege. Kikaango kitupu kisiachwe motoni. Jiko la mkaa lisilale ndani na mtu wala na ndege. Na ndege akianguka tunduni bila sababu, msikae kumtazama: fungueni madirisha, tokeni wote, na watoto muwatangulize.