Sifa za Bushi Asiyetoka

Watu wakiona Land Rover la zamani husifu bati lake: "Tazama, miaka yote hii halina kutu!" Wamesahau kwamba bodi ile ni ya aluminiamu. Land Rover la kwanza lilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, waundaji wakajengea walichokipata. Aluminiamu kutoshika kutu si ushujaa, ni maumbile yake. Ushujaa uko chini, kwenye chesisi ya chuma, katika matope na mavi ya ng'ombe, na huko ndiko anakoishi mheshimiwa wangu wa leo: bushi wa springi.

Mwenyewe ni mdogo, anaenea kiganjani. Bomba la chuma nje, bomba jembamba ndani, mpira katikati, basi. Katika Land Rover Series III langu wapo 12. Wanane wamekaa kwenye macho ya springi. Hao sina neno nao, ukinunua springi mpya huja wamo. Ninaowavulia kofia ni wale wanne walioshindiliwa ndani ya chesisi yenyewe. Nani mwingine amepewa nafasi akaishikilia miaka arobaini, mvua na jua, bila kuomba uhamisho? Najua, wapo wengine wanaong'ang'ania viti. Lakini hao hawabebi mzigo.

Tena ana adabu ya kutoa taarifa. Mpira ulipoanza kuchakaa, kila tuta lilijibiwa kwa "gwaa!" moja nzito, na mke wangu akisikia tuta la mwisho mtaani alikuwa akiinjika chai. Sasa itabidi nipige simu.

Mimi na fundi tulianza kumtoa wa kwanza Jumamosi asubuhi, tukidhani adhuhuri itatukuta tumeshanawa mikono. Bolti ikakubali kuzunguka, tukafurahi kijinga. Inazunguka, haitoki. Kutu ilikuwa imeifungisha ndoa na lile bomba la ndani. Muda wote tulikuwa tunasokota mpira. Fundi akachungulia, akafuta jasho. "Mzee, huyu hatoki kwa maneno."

Hapo ndipo nilipozijua hisani zake. Mimi nisiyeweza kuvumilia foleni ya benki dakika kumi, alinilaza chali kwenye mchanga kwa saa nne, nikitemewa kutu usoni, nisilalamike. Majirani ambao huwa tunapungiana mikono tu, alitukutanisha: nyundo kubwa ilitoka kwa mponda kokoto, gesi kwa mchomelea mageti, na ushauri kwa kila mpita njia. Tulipomchoma, moshi mweusi ukapanda hadi kamba za nguo za nyumba ya pili. Huko nako tukafahamiana, ingawa si kwa wema.

Mpira ukaungua, ukachomoka na bomba la ndani na bolti yake. Tukashangilia. Bomba la nje? Limetulia kama halikuwepo kwenye ugomvi. Ikabidi tufungue bleidi ya msumeno wa chuma, tuipitishe tunduni, tuifunge tena upande wa pili, kisha tukate kutokea ndani, taratibu, maana ukizidisha unakata chesisi na hiyo haiuzwi sokoni kwa kilo. Mkato ulipotimia fundi akaweka tindo, akagonga mara moja. Bomba likajikunja, likadondoka kifuani kwangu, la moto bado. Nimeliweka kabatini, karibu na picha ya harusi.

Mmoja huyo. Wamebaki watatu, na gari liko juu ya magogo.

Nawe ikifika zamu yako ya kuwaweka wapya, usikaze bolti gari likiwa limeinuliwa. Lishushe kwanza likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. La sivyo mpira utabanwa ukiwa umejipinda, utakatika mapema, nawe utarudi kwenye msumeno. Msumeno nitakuazima. Kuja sitakuja.