Kesi ya Punda Pale Gangilonga

Mwaka ule kaskazini iliwaka moto. Ngamia na punda wakakimbia pamoja hata wakafika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kwenye majani mabichi ya Ihefu. Tembo, mkuu wa bonde, aliwapokea kwa wema. Akawaonyesha sheria iliyochongwa kwenye gome la mbuyu: mnyama yeyote asihesabiwe duni kwa rangi, kwa pembe, wala kwa mahali alipotokea.

Kisha akauliza swali ambalo wenyeji wengi huliuliza kwa nia njema: "Mkubwa wenu nani?" Ngamia Mzee akainua shingo. Tangu siku hiyo malisho, chumvi na zamu za maji ya wageni vikapitia kwake.

Punda wakawa wanakunywa mwisho, maji yamekwisha kuwa tope. Chumvi waliibeba, hawakuilamba. Kijana mmoja wa ngamia alipomposa binti wa punda, wazee wake walikesha wakihesabu mababu hadi babu wa ishirini, wakasema upande wa pili hauna hata mmoja wa kutajwa. Posa ikavunjwa, kijana akafukuzwa kisimani.

Mababu wa kutajwa walikuwepo. Walizaliwa huku huku kusini, wakafungwa kamba, wakapelekwa kaskazini kubeba mizigo ya ngamia. Usiku, Bibi Punda alipowabembeleza wajukuu zake, pundamilia wa Usangu walikuja kusikiliza. Wimbo ule waliujua.

Bibi Punda akaenda kwa Tembo. Tembo akamjibu, "Mambo ya wageni wayamalize wageni wenyewe." Basi akashika njia ya Makambako na Mafinga, kwato zikapasuka, hadi Iringa, kwenye jiwe la Gangilonga, alipokaa Jaji Kobe.

Kasuku ndiye aliyemtetea Ngamia. "Mheshimiwa, wote hawa wametoka mahali pamoja. Tabaka halikutajwa kwenye gome. Na kama ni haki, sheria iliyopo inatosha. Ya nini kuwachafulia jina ngamia wote?"

Hoja hiyo ina wenyewe duniani. Februari 2023 mji wa Seattle, Marekani, ulipiga marufuku ubaguzi wa tabaka, ambao wahamiaji kutoka Asia ya Kusini walikuwa wamehama nao. Oktoba mwaka huo huo gavana wa California, Gavin Newsom, alikataa kutia saini muswada wa namna hiyo, akisema sheria zilizopo zinatosha.

Punda ninaowasema nao wana jina: ni Wagosha. Karne ya 19 Wazigua na watu wengine wa Tanganyika, Msumbiji na Malawi waliuzwa utumwani Somalia. Vizazi vyao vikalima bonde la mto Juba, vikiitwa Jareer, vikinyimwa ndoa na heshima. Vita vya 1991 viliwasukuma wengi hadi kambi za Dadaab, Kenya, na dharau ikawafuata humo. Wengine walirudi kwa mababu zao, Handeni, wakawekwa kwenye makazi ya Chogo, na Tanzania ikawapa uraia. Najivunia hilo. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu kufanywa duni kwa kabila, kwa mahali alipotokea au kwa hali yake ya maisha. Maneno tunayo. Lakini maneno hayo hayamfikii mnyonge ikiwa kila anayetaka kumsikia anaanza kwa kumwita mkubwa wake.

Jaji Kobe alimgeukia Ngamia. "Punda wakitangulia kunywa, maji yatapungua?"

"La, Mheshimiwa. Ila ngamia wangu hawatayagusa."

Jaji akaagiza jibu hilo liandikwe lote, akasema ushahidi umekamilika. Akaamuru maji na chumvi vigawiwe na Tembo mwenyewe, kwa kila mnyama na jina lake. Kuhusu posa, alisema mahakama haiwezi kumlazimisha mzee ampende mkwe, ila atakayemfukuza kijana kisimani atajibu mbele yake. Tembo naye akaonywa: bonde ni lake, na kila anayelala humo ni raia wake, hana ruhusa ya kumkabidhi kwa mwingine.

Bibi Punda akaomba jambo moja zaidi: hukumu isisomwe nyumbani kwa Ngamia Mzee, isomwe kisimani alfajiri, punda na watoto wao wakiwepo. Jaji akakubali. Kasuku akasimama kuomba rufaa.