Josho, Malori na Ajenda za Salgaa

Ajenda, yaani orodha ya mambo yaliyopangwa kujadiliwa mkutanoni, husifiwa kuwa ina uwezo wa kuufunga ulimi usitangetange, lakini sifa hiyo hudhoofika sana ifikapo Salgaa, kituo cha malori kilichoko kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambako madereva wanaopeleka mizigo ya Mombasa hadi Malaba na Uganda husimama wakala na kulala. Katika baraza, ambalo ni mkutano wa wananchi unaoitishwa na chifu, mwenyekiti hutangaza kuwa suala la siku ni josho la ng'ombe. Mzee wa kwanza kusimama, akishatanguliza kwamba hana mengi (tamko ambalo msikilizaji mzoefu hulichukua kama onyo), hueleza kuwa njia ya kwenda joshoni imezibwa na lori lililoegeshwa. Mwenyekiti humkatiza kwamba hilo si la leo, naye mzee huuliza, kwa adabu zote, iwapo ng'ombe apite juu ya lori au chini yake.

Ugumu wa kinadharia ni huu: kanuni ya kutotoka nje ya mada hutaka kila kauli ihusiane na jambo lililo mezani, ilhali Salgaa haina jambo lisilohusiana na lori, iwe ni kodi ya vyumba, mauzo ya chapati au usingizi wa watoto. Tena, baada ya ajali ya Migaa ya 31 Desemba 2017, iliyoua watu zaidi ya 30 kwenye barabara hiyohiyo, ni mwenyekiti gani atakayethubutu kumwambia mtu kuwa barabara haihusiki?

Anayeumia ni katibu. Muundo wa kumbukumbu, uleule unaofundishwa katika insha za shule za upili, humpa kichwa cha yatokanayo, yaani masuala yaliyobaki kutoka mkutano uliopita, na kingine cha shughuli nyinginezo, ambacho ndicho makao ya kila neno lililokosa pa kukaa. Hiki cha pili hujaza kurasa, josho likaambulia mstari mmoja. Wapo wenyeviti ambao, kwa kutafuta dawa, huyafanya malori kuwa ajenda ya kwanza ili yaishe mapema, na hapo ndipo baraza zima hukumbuka kupe, dawa iliyokwisha na mshahara wa mlinzi wa josho, mambo ambayo mwenyekiti hulazimika kuyaamuru yasubiri, kwa kuwa yako nje ya mada.